Mdundo Unawashwa Wapi?

Niliwafundisha watoto wa watu waltz ya Chopin kwa mkono mmoja. Nilijua ninachofanya, na ada nilipokea.

Ni waltz fupi, mojawapo ya zile ambazo Chopin, aliyefariki 1849, hakuzichapisha enzi za uhai wake. Mkono wa kulia unaimba. Wa kushoto unagonga nota ya chini kwenye pigo la kwanza, kisha unaruka juu kugonga nota mbili tatu kwa pamoja kwenye pigo la pili na la tatu. Kurukaruka huko ndiko kunakowashinda wanafunzi. Kinanda changu cha umeme, cha funguo 61, kilikuwa na njia ya mkato: unabonyeza kitufe cha waltz, ngoma zinakuja zenyewe. Mtoto anapiga tuni, mzazi anarekodi kwa simu.

Sisi tuliokulia Tanga na kanda za taarabu za Black Star na Lucky Star tumezoea kwamba besi ina mwenyewe na bongo zina mwenyewe. Nikaichukulia waltz ya piano kama bendi iliyopungukiwa watu, nikaajiri mashine. Kumbe bendi ilikuwa imetimia, wote wamo kwenye mkono wa kushoto.

Mama mmoja wa Raskazone, mwenye piano ya kweli, alitualika tupige mbele ya wageni wake. Nyuzi zilikuwa zimeshika kutu kwa upepo wa bahari, lakini zinalia. Mwanafunzi wangu akakaa, akaweka mkono wa kulia mahali pake, na kidole cha kushoto kikapanda kutafuta kitufe. Kikabaki hewani. Akanigeukia.

“Mwalimu, mdundo unawashwa wapi?”

Wageni wakacheka wakidhani anatania. Nikasogea nimpigie mkono wa kushoto. Nikakosea. Tena nikakosea. Miaka yote hiyo na mimi nilikuwa nabonyeza tu.

Wazazi wawili walidai ada yao, nikarudisha. Mwingine hakudai kitu, alimhamisha mtoto.

Wanafunzi wa Chopin walisimulia kwamba aliuita mkono wa kushoto kondakta: ushike mwendo, ili wa kulia uweze kuchelewa kidogo au kuwahi. Mashine haimsubiri mtu, ndiyo maana watoto wangu wote walipiga sawasawa kama cherehani.

Siku hizi tunaanza na mkono wa kushoto peke yake, polepole, mimi na wao. Wanalalamika kwamba huo si wimbo. Wazazi hawarekodi tena.