Kipimo Kamili

Ndugu msomaji, tangu sheria ya mwaka 1993 iruhusu redio za watu binafsi Tanzania, sauti za biashara zimeingia hadi vyumbani mwetu. Nami, mtu wa pwani niishiye Bombambili, Songea, zilinikuta.

Asubuhi moja nilitoka na fedha za kumlipa bibi auzaye maharage sokoni, deni la visado 2. Redio ilikuwa imesifu vyombo vya bei nafuu. Nikapita dukani kutazama tu, nikatoka na chupa ya chai, fedha zimekwisha.

Jioni bibi hakunidai. Alinijazia kisado kingine mpaka kikafanya kilima. “Utalipa, mwanangu,” akasema.

Tusomapo Suratul Mutaffifin, sura ya 83, humfikiria mchuuzi mwenye mizani mbovu. Kumbe yalaumiwa pia kutaka haki yako kamili na kupunguza ya mwenzio. Je, mimi niliyepokea kisado kilichofurika, nikazuia thamani yake, nilikuwa nani?

Kesho yake niliiuza ile chupa kwa hasara, nikalipa visado vyote 3.

Redio tuisikilize, ndugu yangu. Lakini kabla ya kuitika, tujiulize: fedha hii mkononi ni yangu, au ni amana ya mtu?