Mkate wa Mahindi Usiokuwa Pankeki

Katika jimbo la Rhode Island, Marekani, kuna mkate mdogo wa mahindi uitwao johnnycake. Mfasiri mwenye haraka huuandika "pankeki" au "chapati ya maji", akasonga mbele. Mimi niliyefundisha Kiswahili hadi mvi zikanitoka siridhiki.

Tuanze na unga. Pankeki ni ngano, maziwa, mayai na kiumulio. Chapati yetu ya maji ni nduguye mwembamba. Unga wa ngano ukilowa huvutana, ndiyo maana hushika hewa ukaumuka. Wa mahindi hauvutani hivyo. Kusini mwa Rhode Island tatizo hilo hutatuliwa kwa maji yanayochemka: humiminwa juu ya unga mweupe uliosagwa kwa mawe na kutiwa chumvi, wanga ukashikana, kisha rojo huchotwa kwa kijiko na kukaangwa hadi kufanya ukoko. Msonga ugali ataielewa siri hiyo bila mkalimani. Upande wa Newport hutumia maziwa baridi, na mkate hutoka mwembamba. Pande hizo mbili hazijakoma kubishana.

Mahindi hayo yalilimwa na Wanarragansett, wenyeji wa asili, kabla ya walowezi kufika. Mwaka 1796 Amelia Simmons alichapisha upishi wa mkate huu katika kitabu chake, American Cookery, akiuita pia "mkate wa jembe". Unga wenyewe aliuita "wa Kihindi", yaani wa wenyeji wa Amerika. Nasi Waswahili tukaiita nafaka hiyohiyo muhindi, tukiielekea India. Bahari mbili, jina moja, na India haikuwa chimbuko lake.

Basi tuuiteje? Kiswahili kimekwisha kutuonyesha njia. Mkate wa kumimina umepewa jina kwa tendo, mkate wa sinia kwa chombo. Kwa kanuni hiyo napendekeza "mkate wa mahindi wa kikaango". Ni jina refu, nakiri, na litamsumbua mwenye kuhesabu mizani. Lakini mshairi akiandika "pankeki" mahali pake, atakuwa ameyafuta mahindi pamoja na mikono iliyoyalima kwanza.

Mwenye jina fupi linaloyahifadhi yote mawili na alilete, tulipime pamoja.