Shule ya Pili na Timu ya Binti Yangu

Kuna furaha nyingine huingia nyumbani ikiwa imeshikana mkono na kilio. Kwetu Tabora iliingia Januari 2022, kata yetu ilipofungua shule ya pili ya sekondari. Sote tulishangilia. Mwezi wa Machi binti yangu alikuwa akilia jikoni.

Tunaishi upande wa Kwihara, penye miembe mikubwa ya njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Tangu ada ya sekondari ifutwe mwaka 2016, kidato cha kwanza hadi cha nne, shule yetu ya zamani ilikuwa imefurika. Lakini ilikuwa na fahari moja: timu ya netiboli iliyoogopwa na majirani wote. Binti yangu, mdogo kuliko wenzake, alikuwa mfungaji.

Shule mpya ilipoanza, watoto wa kidato cha kwanza na cha pili wa upande wetu walihamishiwa huko. Timu ikagawanyika: wakubwa wakabaki, wadogo wakaondoka. Huko kulikuwa na madarasa mazuri na vyoo safi, ila uwanja ulikuwa visiki vya miyombo. Hapakuwa na mpira wala mwalimu wa michezo. Saa tisa kasoro binti yangu alikuwa tayari nyumbani.

“Mama, kule hatuchezi,” aliniambia. “Tunakaa tu.”

Mimi ni muuguzi. Najua Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa shule apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Tena katika kliniki ya wajawazito nimewapima wasichana wengi ambao wangepaswa kuwa darasani. Sisemi kwamba netiboli ni kinga ya kila jambo. Lakini msichana anayesubiriwa na wenzake uwanjani ana mahali pa kuwa jioni.

Basi nilikwenda na hasira zangu kwenye kikundi cha akina mama kanisani. Nikasema shule mpya imewaharibia watoto michezo. Mama mmoja alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole:

“Pole, Sista. Ila binti yangu hajawahi hata kuugusa huo mpira. Shule ya zamani ilikuwa kilometa 9 kutoka kwangu. Kengele ikilia alianza safari, giza lisimkute porini. Sasa anatembea dakika 20 tu. Wakipata uwanja, naye atacheza.”

Nilinyamaza. Miaka yote nilikuwa nimewahesabu wasichana 7 waliocheza. Sikuwahi kuwahesabu waliokuwa wakiharakisha njia ya nyumbani.

Jumamosi iliyofuata tulichukua majembe na mashoka. Visiki vilitushinda siku ya kwanza, vikatuchosha ya pili, vikaisha ya tatu. Baba watoto alimwomba fundi akachomelea milingoti miwili. Tulichanga fedha za mpira, na mwalimu mmoja wa Kiswahili akakubali kusimamia mazoezi.

Mechi ya kwanza dhidi ya shule ya zamani tulifungwa 28 kwa 5. Shule mpya huanza na madarasa ya chini, hivyo watoto wa miaka 14 hukutana na dada zao wa kidato cha nne. Yahitaji miaka miwili au mitatu ya uvumilivu. Shule ya zamani nayo huumia baadaye: wakubwa wakihitimu, wadogo wa kushika nafasi zao ni wachache. Mwaka 2023 timu ile ya fahari haikuogopwa tena. Niliona huzuni machoni pa mwalimu wao, nami sikuifurahia.

Lakini mwaka huohuo wasichana wa shule zote mbili walichaguliwa katika kombaini ya wilaya, wakavaa jezi moja. Mashindano ya taifa ya UMISSETA yalipofanyika hapa Tabora, waliomba ruhusa wakaenda kutazama pamoja, wakishangilia mkoa wao kana kwamba hawajawahi kutengana.

Mama mwenzangu, kata yenu ikipata shule ya pili, mshukuru Mungu. Lakini katika kikao cha wazazi msiulize habari za madawati peke yake. Ulizeni uwanja uko wapi, mpira uko wapi, na ni mwalimu gani atakayebaki na watoto jioni. Msipouliza, timu moja itavunjika na ya pili haitazaliwa. Wala msihesabu vikombe kabatini. Hesabuni watoto walio uwanjani.

Yule binti wa kilometa 9 alikuja kuwa mlinzi wa timu yetu mpya. Siku ya kwanza nilipomwona akidaka mpira, mama yake alisimama kando yangu. Hakusema neno, nami sikusema. Tulipiga makofi.