Kopo la Vifaranga

Hapa Niania hatuna sarafu. Anayetoka Uganda na shilingi zake za chuma hushangaa, kwa maana kwetu hata pesa ya kununulia kiberiti ni ya karatasi: noti ya faranga 50, ya 100, ya 200. Noti hizo hupita mikononi mwa muuza samaki, mchimba dhahabu na dereva wa pikipiki, hulowa jasho na mvua, mpaka zinakuwa laini kama sombe iliyopikwa. Sisi nyumbani twaziita vifaranga. Ni wadogo, na mwewe ni wengi.

Wazee wetu walikuwa na sarafu. Babu alituonyesha senti za Wabelgiji zenye tundu katikati, za kutungwa katika uzi kama ushanga. Faranga mbili ya mwaka 1943 ilikuwa na pembe sita na picha ya tembo. Mwaka 1967 zikaja zaire, makuta na sengi, na juu ya sengi 10 palikuwa na chui. Kisha, siku za Noeli mwaka 1979, noti za zaire 5 na za zaire 10 zikafutwa, na muda wa kuzibadilisha ulikuwa siku chache tu. Fikirini mtu wa msituni aliyeficha noti zake chini ya kitanda: benki aifikie lini? Mwaka 1993 zaire mpya moja ikashika mahali pa zaire za zamani milioni 3, na mwaka 1998 faranga ikarudi, tena ikiwa na noti ya senti moja. Leo hata noti ya faranga moja hatuioni. Kwa sababu hiyo mzee jirani yetu hataki kusikia habari ya kuweka fedha. Yeye hununua mbuzi, wala hatumcheki.

Lakini mbuzi hanunuliwi kwa faranga 300 zilizobaki baada ya chumvi na sabuni. Na hizo 300 ndizo zilizokuwa zikitupotea kila siku, bila sisi kujua zimekwenda wapi. Mwaka wa nyuma tulikuwa tumejaribu kadi. Mkusanyaji hupita sokoni jioni, kila mtu humpa kiasi kile kile, naye hutia alama katika kisanduku kimoja cha kadi. Mwezi ukiisha hurudisha zote, ila za siku moja ni zake. Wako wanaofanya kazi hiyo kwa haki miaka mingi. Wa kwetu alipanda pikipiki siku ya 26 akashika njia ya Isiro, na kadi zetu tukabaki nazo zikiwa na alama nzuri sana.

Basi tukachukua kopo la maziwa ya unga, tukatoboa kifuniko kwa kisu. Shabaha ilikuwa moja: binti yetu mkubwa alikuwa darasa la sita la sekondari, na fedha ya Mtihani wa Serikali ililazimu kulipwa. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za Serikali hazidai ada, jambo ambalo twalishukuru kwa ajili ya wadogo zake, lakini sekondari ina mlango wake na mlango una kufuli. Zilitakiwa faranga 95,000. Kila jioni tukatia kilichobaki, 200, au 500, au 50 peke yake. Hata mtoto wa miaka minne alitia noti aliyoiokota njiani, tukamsifu.

Baada ya miezi mitano tulifungua kopo juu ya mkeka. Harufu iliyotoka ilikuwa ya uyoga. Wasomaji, huku msituni hewa yenyewe ina maji. Nguo iliyokunjwa huota ukungu, seuze karatasi iliyoshikwa na mikono yenye mawese! Tukahesabu: noti 61 za 50, noti 412 za 100, noti 187 za 200, noti 43 za 500. Jumla faranga 103,150. Binti alipiga makofi. Sisi wenyewe usiku ule tulipanga hata matumizi ya hizo 8,150 za juu, ndiyo kusema tulikula kuku kabla yai halijapasuka.

Asubuhi tukazipeleka kwa tajiri mmoja anayebadilisha fedha, kwa kuwa shule haikutaka furushi la vikaratasi. Alimwaga zote mezani akaanza kuzichambua kama mchele. Hii imechanika. Hii imeoza. Hii imebandikwa gundi. Noti za 50 hakuzigusa hata moja. «Papa, hizi hapana feza tena», alituambia, bila ukali. Alikataa 130 za 100 na 40 za 200. Zilizobaki zilikuwa 79,100, naye akakata 4,000 kwa ajili ya kazi ya kuhesabu. Tulitoka na 75,100 na mfuko wa takataka.

Zilipungua 19,900, na siku zilizobaki zilikuwa mbili. Tulikaa kimya tukila. Binti alisema, polepole, kwamba angeweza kungoja mwaka mwingine. Neno hilo lilituuma kuliko hasara, maana tulijua wasichana waliongoja mwaka mwingine, na walipo sasa.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa likelemba. Wao ni kumi, hutoa kila juma, na mmoja hupokea zote. Zamu ilikuwa yake, na alikwisha kuahidi kununua bati mbili. Alisikia habari kisimani, akaja jioni, akaketi, akaomba maji, akazungumza habari za mvua. Alipoondoka, 20,000 zilikuwa chini ya kikombe. Nyumba yake ilivuja miezi miwili mingine, mpaka tulipomaliza kumlipa.

Yeye ndiye pia aliyetufunulia kosa letu, kwa kuwa anauza mandazi njia panda, pale magari ya Kisangani, ya Isiro na ya Bunia yanapokutana. «Mnampelekea tajiri chenji ya nini? Anazo magunia! Mimi kila asubuhi abiria ananipa noti ya 5,000 ataka andazi la 200, sina cha kurudisha, gari linaondoka.» Kumbe! Kile ambacho tajiri alitukata fedha ili akipokee, yeye alikuwa akikitafuta kwa tochi.

Tangu hapo kopo halifiki siku nane. Jumamosi jioni twatoa noti ndogo zikiwa bado ngumu, twampelekea mama huyo, naye hutupa noti kubwa, faranga kwa faranga, na mara nyingine maandazi mawili kwa watoto. Noti kubwa nayo hatuilazi. Mwaka 2012 dola moja ilikuwa karibu faranga 920. Mwaka 2023 ilipita 2,000. Fedha iliyolala yaota ukungu hata ikiwa kavu. Kwa hiyo twanunua gunia la chumvi, au bati moja, na mzee wa mbuzi amekwisha kutuuliza kwa dharau tutaanza lini kufuga.

Binti alifanya mtihani wake. Na zile noti zilizokataliwa? Sokoni, moja moja, kwa watu wenye huruma au wenye macho mabovu, zilipita 9,000 hivi. Zilizobaki amezichukua yule mdogo. Ana duka chini ya mwembe, anauza majani, na chenji anayo siku zote.