Kikombe cha Tatu

Desemba 2019, shule zilipofungwa, tulifunga safari ya Ethiopia kumtembelea mdogo wake baba watoto aliyekuwa akifanya kazi Hawassa. Tulikuwa watatu: sisi wawili na kitinda mimba wetu wa miaka mitatu. Tulivuka mpaka Moyale salama, lakini karibu na mji wa Dilla basi liliharibika. Jua lilikuwa linazama, na mtoto alikuwa ameshikwa na homa.

Abiria wenzetu walitawanyika mmoja mmoja. Sisi tulibaki kando ya barabara na mizigo yetu, bila kujua hata neno moja la Kiamhari. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi alimgusa mtoto kwenye paji la uso, akasikitika, akanyosha mikono apewe ambebe. Tukamfuata.

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili tu. Mwanawe aliyekuwa akisoma sekondari alitueleza kwa Kiingereza kwamba walikuwa katika mfungo wa kungojea Krismasi yao, tarehe 7 Januari. Katika mfungo huo Waorthodoksi hawali nyama, mayai wala maziwa. Hata hivyo mama alimtuma kijana kwa jirani, yakaletwa maziwa, akayachemsha na kumnywesha mtoto wetu polepole.

Sisi tuliandaliwa injera na mchuzi wa dengu katika sinia moja. Mama alikata tonge, akalichovya, akatulisha kwa mkono wake. Desturi hiyo huitwa gursha, nayo ni alama ya upendo. Baba watoto, mtu mzima na ndevu zake, alifumbua kinywa kama kifaranga!

Tulidhani sasa tutalala. Kumbe kahawa ilikuwa bado. Mama aliosha buni mbichi, akazikaanga mbele yetu, akatuletea moshi wake tunuse, kisha akazitwanga na kuzichemsha katika birika la udongo. Humiminwa mara tatu. Ya kwanza huitwa abol, ya pili tona. Jina la ya tatu halikuhitaji mkalimani: baraka. Kijana alisema mgeni haondoki kabla ya hiyo.

Tukiwa na kikombe hicho cha tatu mkononi, tulitazamana na baba watoto, na kila mmoja alijua mwenzake anamfikiria nani. Mwezi mmoja kabla, shangazi yake alikuja kwetu bila taarifa. Tulimpa chai ya haraka haraka, tukamwuliza anaondoka lini. Wahenga walisema mgeni apewe jembe siku ya tatu. Sisi tulimpa siku ile ile ya kwanza. Nasi tuna vyumba vinne na friji yenye maziwa.

Alfajiri homa ilikuwa imeshuka. Kijana alisema basi lingeondoka saa moja, nasi hatukukosea, kwani Waethiopia huhesabu saa kama sisi. Mama alikataa fedha zetu kabisa, akatufungia ndizi.

Tuliporudi nyumbani, tulimpigia shangazi simu na kumwomba radhi. Alikuja, akakaa wiki mbili.

Akina mama wenzetu, mara nyingi tunasema tutakaribisha wageni tukishapata makochi mapya au mambo yakitulia. Yule mama hakungoja. Alikuwa na jiko la makaa, jirani mwema, na muda wa kukaa nasi hadi kikombe cha tatu.