Sura ya Majani Katika Sarafu ya Fedha

Je, msomaji, umewahi kuonyeshwa sarafu ya fedha yenye sura ya mtu ambaye ndevu zake ni majani, na matawi yanamchipuka mdomoni? Huyo huitwa Mtu wa Kijani. Sarafu kama hizo hutengenezewa wakusanyaji. Si za kununulia mkate. Nyingi huwa na aunsi moja ya fedha, yaani gramu 31.1, na bei yake hupita thamani ya madini yenyewe. Muuzaji naye hukuambia kuwa hiyo ni sura ya mungu wa misitu tangu zama za kale.

Kabla hujafungua kibeti, hebu tufunge safari hadi Uskoti.

Kutoka jiji la Edinburgh ni kilomita 11 hivi kufika kijiji cha Roslin, karibu na mahali alipozaliwa kondoo Dolly mwaka wa 1996. Hapo, juu ya bonde lenye msitu, pana kanisa dogo la Rosslyn lililoanzishwa na Sir William St Clair mwaka wa 1446. Ingia, kisha inua macho. Kwenye nguzo, matao na madirisha utaona nyuso za majani zikikuchungulia. Ni zaidi ya 100! Wanaotembeza wageni husema kuwa upande wa mashariki nyuso hizo ni changa, na kadiri uendavyo magharibi ndivyo zinavyozeeka, mithili ya jua likichomoza na kutua.

Waashi waliozichonga hawakuacha maandishi ya kueleza maana yake. Na hilo jina? Ni Lady Raglan aliyelieneza mwaka wa 1939 katika makala yake, baada ya kuona sura kama hiyo kanisani huko Wales. Naam, jina hilo ni rika la nyanya zetu! Hata hivyo limepata heshima: mwaka wa 2023 sura hiyo ilipamba kadi za mwaliko wa kutawazwa kwa Mfalme Charles wa Tatu.

Basi, msomaji, sarafu ikikupendeza, inunue. Lakini uliza kwanza uzito wake na usafi wa fedha yake. Wahenga walinena, si kila king'aacho ni dhahabu. Lipia madini na kazi ya mchoraji. Hadithi ya mungu wa kale usiilipie karo ya watoto.