Hukumu ya Haraka

Leo naungama mbele yenu kosa langu, maana huenda likamfaa mzazi au mwalimu mwenzangu.

Jumapili moja, baada ya Misa, vijana wetu wa Malemba-Nkulu walicheza mpira na vijana wa kijiji cha jirani. Wageni wakapewa penalti. Mlinda lango wetu akajitupa kushoto mpira ulipokuwa unapigwa. Kumbe ukaingia kulia. Nikamkaripia mbele ya watu wote: "Umeogopa! Mbona hukungoja uone mpira unakwenda wapi?" Akainamisha kichwa, asijibu neno. Juma zima hakuonekana uwanjani.

Nikamfuata kwao, karibu na mto Lualaba. Nilimkuta akishona nyavu za baba yake. Nilipomwuliza, alisema kwa upole: "Bwana Mwalimu, niliona mguu wake wa kusimamia umeelekea upande wangu wa kushoto. Baba hunifundisha kutupa wavu mbele ya samaki, si juu yake."

Jioni ile nilishika kalamu nikapiga hesabu. Kutoka alama ya penalti hata mstari wa goli ni meta 11. Mpira wenye mwendo wa kilometa 90 kwa saa hufika kwa muda usiotimia nusu ya sekunde. Macho na akili hutaka kama sehemu moja ya tano ya sekunde ili kutambua na kuuamuru mwili. Muda unaobaki hautoshi kuruka hata pembeni mwa lango. Basi anayengoja kuuona mpira huwa amekwisha kuchelewa. Mlinda lango hodari husoma dalili mapema: mpigaji anakujaje, nyonga inageukia wapi, mguu wa kusimamia umekanyaga vipi. Kisha huamua, na pengine hukosea, maana mpigaji naye ajua kudanganya.

Mkumbukeni Robert Kidiaba, aliyelinda lango la TP Mazembe ilipoifunga Internacional ya Brazili 2–0 huko Abu Dhabi mwaka 2010. Huko Malabo mwaka 2015, Kongo ilipata nafasi ya tatu ya Afrika kwa penalti 4–2. Hata siku ile ya furaha, penalti mbili zilimpita. Nani alimwita mwoga?

Jumapili iliyofuata niliwakusanya wachezaji wote. Kwa kuwa nilimwaibisha mtoto hadharani, nilimwomba radhi hadharani. Yeye alikuwa na nusu ya sekunde tu, akatazama kwanza, ndipo akaamua. Mimi nilikuwa na alasiri nzima ya kumwuliza, nikahukumu bila kutazama kitu.

Wazazi na walimu wenzangu, mtoto akikosea, tumwulize kwanza aliona nini. Sisi hatuna mpira unaotujia mbio.